Nani alibuni simu, na kwa nini gari la kwanza lilijaza mafuta duka la dawa?

Maswali ya safari hii yameegemea simu, reli na magari. Nimechukua matano.

Swali: Shikamoo mwandishi. Mwanangu aliulizwa shuleni nani alibuni simu, akaandika Bell, akapewa vema. Mjomba wake anabisha, eti ni Mtaliano. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Vema ibaki, ila mjomba naye hakuota. Antonio Meucci, Mtaliano aliyehamia Marekani, aliandikisha taarifa ya awali ya kifaa chake mwaka 1871, akakosa fedha za kuendelea kuilipia, ikafa 1874. Kisha tarehe 14 Februari 1876 Alexander Graham Bell na Elisha Gray wakafikisha nyaraka zao ofisi ya hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) siku hiyohiyo, kila mmoja na zake. Bell alipata hataza tarehe 7 Machi, na siku tatu baadaye akamwita msaidizi wake, Watson, kwa waya. Alishtakiwa mara nyingi, akashinda. Kwenye mtihani andika Bell, barazani bishaneni.

Swali: Marehemu babu alisimulia kwamba habari za Ulaya zilifika Zanzibar kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Enzi hizo plastiki haipo. Maji ya chumvi hayakuula? (Msomaji, Unguja)

Babu alisema kweli, na swali lako ndilo lililowasumbua wahandisi wenyewe. Dawa ilikuwa gutapercha, utomvu wa miti ya nchi za Wamalay. Ukipashwa moto hulainika, ukipoa hukakamaa, na kwenye maji baridi ya kilindini hudumu miaka. Shaba ilivikwa utomvu huo, kisha ikazungushiwa nyaya za chuma.

Mkongo wa kwanza kuvuka Atlantiki, mwaka 1858, ulikuwa kichekesho cha gharama kubwa. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, maneno 98 tu, zilichukua saa 16 hivi kupita. Msimamizi wa umeme, Wildman Whitehouse, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari, alidhani dawa ya ishara dhaifu ni kuongeza nguvu, akausukumia volti kama 2,000. Katika wiki tatu hivi ukawa umekufa. Mkongo wa kudumu ulilazwa 1866 na meli kubwa ya Great Eastern.

Huku kwetu kilichoharakisha mambo ni vita. Januari 1879 Wazulu waliwashinda Waingereza huko Isandlwana, na habari ikafika London karibu siku 20 baadaye, kwa sababu Afrika Kusini haikuwa na waya wa kwenda Ulaya. Kabla mwaka haujaisha, mkongo ulikuwa umeshuka kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji na Durban. Kwa hiyo Unguja iliunganishwa kwa sababu ilikuwa njiani. Ukipita Shangani, lile jengo la zamani la kampuni ya mawasiliano ya Extelecoms, sasa hoteli, ni kumbukumbu ya biashara hiyo.

Swali: Kwa nini iliitwa Reli ya Uganda ilhali iliishia Kisumu, Kenya? Wazungu walikosea ramani? (Msomaji, Nakuru)

Hawakukosea, ramani ndiyo iliyohama. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, na reli ikagusa ziwa mwaka 1901. Wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka uliofuata mpaka ukasogezwa, na mji ukajikuta upande wa pili bila kupiga hatua. Kampala yenyewe ilisubiri treni hadi 1931.

Swali: Nimesikia safari ndefu ya kwanza ya gari iliendeshwa na mwanamke. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni? (Msomaji, Mwanza)

Kweli kabisa. Karl Benz alipata hataza ya gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886, lakini wateja walilitazama tu. Agosti 1888 mkewe, Bertha, aliyekuwa ametia fedha zake katika kazi hiyo, alilitoa bila kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili, wakashika njia ya Mannheim kwenda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Vituo vya mafuta havikuwepo. Huko Wiesloch alinunua ligroini, kiowevu cha kuondolea madoa, kwenye duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilipolika, fundi viatu akazipigilia ngozi. Milimani vijana walishuka wakasukuma, na baada ya hapo gari likaongezewa gia ya kupandia. Kwa maoni yangu, mama huyu ndiye aliyelifanya gari liaminike. Mumewe alikuwa na karatasi, yeye alikuwa na vumbi la njiani.

Swali: Tairi la upepo ni la Dunlop? (Msomaji, Tabora)

Nusu. Robert William Thomson alilipatia hataza miaka ya 1840, kabla hajapatikana wa kulihitaji. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alilibuni upya mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na hataza yake ikaja kubatilishwa kwa sababu ya ile ya Thomson. Tatizo la matairi yake ni kwamba yalikuwa yamegandishwa kwenye rimu, hivyo pancha moja iliweza kula saa kadhaa. Tairi la baiskeli la kuvuliwa na kurudishwa kwa urahisi lililetwa na ndugu Michelin mwaka 1891.