Kabla Hujasaini Mchoro wa Viwanja, Uliza Mtaro Unaishia Wapi

Juzi dada mmoja ameniandikia. Kikundi chao kimenunua shamba upande wa Madale, mpima ameleta mchoro wa TP (mchoro wa mipango miji unaoligawa shamba kuwa viwanja na barabara), wajumbe wote wamesaini isipokuwa yeye. Anauliza: "Kaka, niangalie nini?" Nilimjibu palepale, lakini usiku sikulala vizuri, maana swali hilo mimi niliulizwa mwaka 2012 na nikalijibu vibaya.

Tulikuwa wafanyakazi 38, tumechangishana tukapata ekari 12 Kinyerezi. Ilikuwa miezi michache tu baada ya mafuriko ya Desemba 2011, na watu wa mabondeni walikuwa wanahamishiwa Mabwepande. Sisi tulijiona tumepata, kwa sababu shamba letu lilikuwa kwenye mteremko, na nani alishawahi kusikia kilima kimefurika? Mimi ndiye pekee mwenye cheti cha ufundi sanifu wa ujenzi, kwa hiyo kamati ikanikabidhi mchoro niukague. Niliukagua kwa dakika 20. Nikahesabu viwanja, nikaona barabara zina mita 10, nikatafuta kiwanja changu nikakikuta kwenye kona. Nikasaini.

Barabara kuu ilishuka moja kwa moja toka juu hadi chini, imenyooka kama rula. Kando yake kulikuwa na mstari wa mtaro, na mstari huo uliishia mpakani, kwenye ukingo wa kiwanja cha mwisho. Niliuona. Nikajiambia huko mbele kutakuwa na mwendelezo.

Aprili 2014 mvua ilinyesha siku tatu, na kila mkazi wa Dar es Salaam wa wakati ule anaikumbuka. Barabara yetu ilikuwa ya udongo wa kichanga, na maji yaliyopewa njia iliyonyooka mlimani hayatembei, yanakimbia. Asubuhi ya pili ilikuwa korongo linalonifika kifuani. Na pale mtaro ulipoishia palikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane aliyejenga kwa mafao ya mumewe. Ukuta wake ulilala, jiko likaondoka lote. Kwenye kikao alinyanyuka akaniuliza mbele ya watu, "Baba, si wewe ndiye ulituambia mchoro uko sawa?" Sikuwa na jibu. Miaka imepita, amehamia kwa mwanawe, na mpaka leo nikipita njia ile naangalia upande mwingine.

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningeipiga mapema kwa nusu saa. Kilima kilichokuwa juu yetu kilitushushia maji ya kama hekta 10. Chukua mvua ya milimita 60 kwa saa, sema nusu inazama ardhini na nusu inatiririka: hizo ni lita zaidi ya 800 kila sekunde. Kalavati tulilochorewa, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lilikuwa na kipenyo cha milimita 600. Likilazwa kwa mteremko wa mita moja kwa kila mita 100, likiwa safi kabisa, linapitisha lita 600 hivi. Hapo bado kilima kilikuwa na mikorosho. Watu wakishajenga, wakaweka mabati na kusakafia nyua, kinachotiririka kinafika robo tatu, na zile lita 800 zinapita 1,200. Mchoro wenyewe ulionyesha shamba letu peke yake, kana kwamba mvua inaanzia kwenye bikoni zetu za mpakani.

Ndiyo maana mwezi uliopita, nilipoitwa na kikundi kingine Mbezi Makabe, sikufungua mchoro kwanza. Nilipanda juu ya shamba, nje ya mpaka, nikamtafuta mzee aliyelima pale akanionyesha maji yanapopita wakati wa masika. Palikuwa kavu, majani yameota, na mchoraji alikuwa ameweka viwanja viwili katikati yake. Alikasirika nilipomwambia. Alisema mitaro ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Nikamwambia TARURA hawauzi viwanja hivi, mnauza ninyi. Kikao kilichukua saa nne, lakini viwanja viwili vilifutwa, njia ya maji ikaachwa wazi hadi kwenye kijito, na barabara ikalazwa kukata mteremko badala ya kuufuata. Ninajivunia siku ile kuliko cheti changu.

Ndugu zangu mnaonunua kwa vikundi, mnauliza bei, mnauliza hati, mnauliza umeme. Ulizeni maji! Ombeni ramani ya kontua, ile yenye mistari inayoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka, na mpima akisema haipo, mkatalieni. Ukiona kijito, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingoni, na dalali hatakupimia. Fuata kila mtaro kwa kidole mpaka mwisho wake. Kisha ufuate kwa miguu. Nendeni shambani mvua ikinyesha, si Jumapili ya jua na soda. Na kama katika kikundi wewe ndiye mwenye ujuzi kidogo, usione haya kuchelewesha kikao. Wenzako wanakuamini, na saini yako ndiyo inayowafanya walale.

Dada wa Madale, mchoro wako nimeupitia jana usiku. Mtaro wa upande wa kusini unaishia kwenye ua wa kiwanja cha mwisho, na zaidi ya hapo karatasi ni nyeupe. Usisaini. Waambie wenzako Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa hapo shambani, na mpima naye aje, avae mabuti.