Ramani ya biashara ndani ya daftari lako la Obsidian

Mwaka jana nusura nimlipe fundi wa programu atutengenezee mfumo wetu wenyewe wa malipo. Tunapika chakula cha mchana na kukipeleka maofisini. Kilichonizuia ni mchoro niliouandaa kwenye Obsidian, programu ya kuandikia kumbukumbu, palepale ninapoandika orodha ya soko na madeni.

Ni ramani ya Wardley, aliyoibuni Simon Wardley wa Uingereza mwaka 2005 alipokuwa akiongoza kampuni ya Fotango. Juu kabisa anakaa mteja. Chini yake hitaji lake, kisha vyote vinavyolitimiza, hadi kule asikokuona: gesi, maji, sufuria. Kutoka kushoto kwenda kulia unapima ukomavu. Kushoto ni jambo jipya ambalo bado watu wanalipapasa. Kisha kinachotengenezwa kwa oda, kisha bidhaa ya dukani. Kulia kabisa ni kitu cha kununua tu kwa kipimo, kama umeme.

Obsidian yenyewe haichori ramani hizi, lakini ipo programu-jalizi huria (plugin, yaani kiongezo kinachoipa programu uwezo mpya) ya kuziongeza. Kabla ya kuisakinisha, weka nakala ya kumbukumbu zako pembeni na upitie msimbo wake, au mwombe anayeuelewa akupitie, maana programu-jalizi za Obsidian zinaweza kufikia mafaili yako. Baada ya hapo unaandika maneno tu, picha inajichora:

anchor Mteja [0.95, 0.60]
component Chakula [0.80, 0.55]
component Malipo [0.70, 0.30]
component Njia [0.45, 0.20]
Mteja->Chakula
Mteja->Malipo
Chakula->Njia

Anchor ni mteja, component ni kila kitu kinachomhudumia (Njia ni namna ya kufikisha chakula), na mshale unaonyesha nani anategemea nini. Namba ya kwanza ni jinsi mteja anavyokiona kitu, ya pili ni ukomavu, kutoka 0 kushoto hadi 1 kulia. Ninachokipenda zaidi ni kwamba haya ni maandishi matupu. Hata programu-jalizi ikiachwa na waliokuwa wakiitunza, mistari yako itabaki na utaisoma.

Usiichore peke yako. Mpishi wetu, mama wa makamo, aliitazama skrini na kuniuliza, "Mwanangu, kwani wateja si wanalipa kwa simu tayari?" Nikafuta 0.30, nikaandika 0.90. Mfumo wa kujengewa ukaishia hapo.

Jicho likabaki kwenye Njia. Dereva wetu wa bodaboda ndiye pekee aliyejua ghorofa ipi inakula saa sita na ipi saa nane, mlinzi gani hukaa na hotipoti tupu, lifti gani ya kukwepa. Yote yalikuwa kichwani mwake. Wiki aliyougua, wali ulifika umepoa na wateja wawili wakatuhama. Mimi huku nilikuwa nawaza malipo!

Tukakaa naye siku tatu, jengo kwa jengo, tukaandika kila kitu, na kila jengo likapata ukurasa wake kwenye Obsidian. Ramani ya zamani sikuifuta. Niliinakili nikaipa tarehe mpya. Njia sasa iko 0.35, na kijana wa pili ameshaanza kuizoea.