Muulize Mwenye Kitu Angali Hai

Katika sanduku la bibi yangu mzaa mama, huku Tanga, mna kanga nyingi ambazo muuza nguo yeyote angezikadiria bei kwa kuzitupia jicho, na mna upande mmoja wa kanga ambao hakuna ambaye angeununua. Kanga huuzwa kwa doti, yaani pande mbili zilizoungana, ambazo mwenyewe huzikata na kuzipinda. Upande uliobaki peke yake, tena umechujuka, ndio wa kwanza kugeuzwa dekio siku vitu vya marehemu vinapogawanywa. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba doti ile waligawana yeye na shoga yake wakiwa wari, muda mfupi kabla huyo mwenzake hajaolewa na kwenda kuishi Mombasa. Jina la kanga yenyewe, yaani msemo uliochapwa juu yake, limefifia hata herufi za mwisho hazisomeki, lakini bibi hulitamka lote bila kulitazama, kisha hucheka, kwa sababu lilikuwa fumbo walilomlenga jirani fulani.

Ndiyo maana, kwa anayetaka kuwauliza wazee habari za vitu vyao wangali hai, nashauri kwamba kitu pungufu, kilichovunjika au kisicho na mwenzake, lakini kimetunzwa pamoja na vitu vizima, kiulizwe kwanza. Kisutu, kanga ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, nacho kinastahili kuulizwa mapema, kwa kuwa kwa desturi hakina jina, na kwa hiyo hakuna maandishi yatakayomsaidia mrithi kubahatisha habari zake.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimwambia mzee, “Bibi, hiki kina maana gani kwako?” atakujibu kwamba ni kikorokoro tu, na mazungumzo yataishia hapo. Mpe kitu chenyewe akishike, umuulize nani alimpa, walikuwa wakikaa wapi wakati huo, na ni nani mwingine aliyekuwa na kama hicho. Mbuzi ya kukunia nazi ilimfanya mama azungumze tangu adhuhuri hadi alasiri, naye si msemaji. Andika majibu siku hiyohiyo kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kitu, kwa sababu sauti zilizorekodiwa kwenye simu hupotea pamoja na simu. Akisita, usimshurutishe, na alilokuambia kwa siri usilipeleke kwenye kundi la familia. Mafumbo mengine ya kanga walengwa wake bado wapo.

Nguo zenyewe usizianike juani, wala usizikunje kila mara kwenye mikunjo ileile, kwani ndipo zinapochanikia. Mimi huweka karafuu sandukuni.

Lililobaki ni nani atakayepewa, na hapa wengi hunyamaza kwa kuona haya. Kwa familia za Kiislamu jambo hili lina kanuni yake: wosia haumpi mrithi kitu zaidi ya fungu lake isipokuwa warithi wengine waridhie, ilhali zawadi ambayo mtoaji ameikabidhi angali hai na mzima ni mali ya aliyepewa. Bibi, ambaye hapendi mambo ya kubishaniwa matangani, ameshaukabidhi ule upande wa kanga kwa binti wa shoga yake, na kisutu chake amenipa mimi.