Omba kazi ukingoni: msimu wetu wa besiboli na kupiga mbizi San Diego

Mashindano ya kwanza ya binti yangu sikuyaona. Karatasi ilisema saa kumi jioni, na saa kumi kasorobo nilikuwa nimeshaegesha gari, hotpoti la chapati mkononi, kanga mpya begani. Naingia bwawani namkuta ameshajifunga taulo, nywele zinachuruzika. Kumbe saa kumi ni ya waogeleaji. Wapiga mbizi, yaani wale wanaoruka majini kutoka ubaoni, walianza saa tisa, na yeye alishamaliza mbizi zake zote sita. "Mama, moja nimepata alama tano na nusu," akaniambia, kisha akageuza uso.

Nawaandikia wazazi wenzangu mliokuja Marekani na watoto wenu wameingia sekondari. Hapa California besiboli na kuogelea ni michezo ya msimu mmoja, kuanzia Februari hadi Mei. Mwaka 2025 mimi nilikuwa na mtoto huku na mwingine kule, binti bwawani na kijana kwenye besiboli, na gari moja.

Binti alikwenda kuomba kuogelea. Nafasi zilikuwa zimejaa watoto waliolelewa kwenye klabu tangu wana miaka sita, wanakata maji kama samaki changu. Kocha alimwona anajirusha kutoka ukingoni, akamuuliza kama haogopi. Akajibu kuwa wajomba zake wanaruka ukuta wa Forodhani, Zanzibar. Ni kweli, wanaruka. Mimi nimekulia Ng'ambo, nimewatazama wavulana wakijitupa baharini pale jua likizama, na mimi mtoto wa kike sikuwahi kuvuka magoti. Basi kama mwanao amechelewa kuanza kuogelea, aulizie mbizi. Ubao wa sekondari una urefu wa mita moja tu juu ya maji, wanaojitokeza ni wachache, na mwanzoni kinachotafutwa ni moyo.

Suala la mavazi lilimalizwa wiki ya kwanza. Nilimwendea kocha, nikamwambia sisi ni Waislamu na mtoto atavaa ya mikono mirefu na suruali ya kubana. Akauliza kwenye ligi, jibu likarudi hakuna shida. Ningengoja siku ya mashindano pangekuwa na vuta nikuvute mbele ya watu.

Sasa makaratasi, na hapa nawaomba msome polepole. Fomu ya daktari inatakiwa kila mwaka, na bila hiyo mtoto hata mazoezi haingii. Mimi nilipiga simu kliniki Januari, wenzangu wote nao wakawa wamepiga Januari. Alama za darasani lazima ziwe na wastani wa 2.0, yaani C. Halafu kuna pesa. Ilikuja barua pepe inataka "mchango wa familia" dola 350 kwa kila mtoto, imeandikwa kama bili ya umeme, na tarehe ya mwisho juu yake. Nilikaa jikoni nikapiga hesabu, nikamwambia kijana aache besiboli, tutamwacha dada yake aendelee. Wiki nzima hakunisemesha. Jirani yetu mmoja, mtu wa Lubumbashi, ndiye aliyenifungua macho: Mahakama ya Juu ya California iliamua tangu 1984 kwamba shule ya umma haiwezi kumtoza mtoto ada ya kushiriki michezo, na sheria ya 2012 ikalikazia hilo. Mchango ni mchango, unatoa ukiwa nacho. Nilipoandika kuuliza, shule ilijibu kwa mistari miwili kwamba bila shaka ni hiari. Kwa nini hawakuandika "hiari" kwenye barua ya kwanza, Mungu ndiye ajuaye.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Nilinunua gongo la besiboli kwenye mauzo ya barazani, dola 25, linang'aa. Kocha aliligeuza mara moja tu akamrudishia kijana. Magongo ya chuma ya sekondari tangu 2012 lazima yawe na muhuri wa BBCOR, kwa sababu yale ya zamani yalikuwa yanaurusha mpira kwa kasi ya hatari. Tafuta hizo herufi kabla hujatoa hela. Upande wa mbizi, kwa bahati, hakuna cha kununua. Wapiga mbizi hujikausha kila wakitoka majini, maana mguu ulioloa huteleza mkononi ukiukamata hewani, na kila mmoja ana kitambaa chake maalumu. Wa kwangu ana nusu ya kanga yangu kuukuu, na wenzake wameshaanza kuulizia inapouzwa.

Mwaka huo Ramadhani ilianza tarehe 1 Machi, katikati ya mambo yote. Wiki ya kwanza tulifuturu saa kumi na mbili kasorobo. Tarehe 9 Wamarekani wakasogeza saa zao mbele, na futari ikarukia karibu saa moja. Kijana alikuwa anafunga na kucheza. Nilimwambia kocha mapema, naye akamruhusu apunguze mbio siku za jua kali. Tende zilikaa kwenye mfuko wa glavu.

Kijana, lakini, hakuwa anacheza sana. Alikuwa kikosi cha pili, na kwenye kikosi cha pili alikuwa wa benchi. Besiboli ya sekondari ni iningi saba, yaani vipindi saba, na haina saa. Zamu ya timu kupiga haiishi mpaka watu wake watatu watolewe, hata mkikesha. Mechi tisa nimekaa juani namtazama mwanangu akitafuna mbegu za alizeti. Baba yake alitaka kumwendea kocha. Nikamzuia, nikasema mtoto aende mwenyewe, na asiende siku ya mechi. Akaenda Jumatatu. Kocha akamweleza kinachomrudisha nyuma, ni mkono wake wa kutupa, halafu akampa daftari la kuandikia mchezo.

Lile daftari lilimfanya mtu. Kila mchezaji uwanjani ana namba kwa nafasi yake: mrushaji 1, mdakaji 2, mpaka 9 kule mbali kulia. Mpigaji akikosa mara tatu unaandika K. Akisimama tu akiutazama mpira wa tatu unapita bila kuinua gongo, ile K inageuzwa, inatazama nyuma. Usiku alikuwa ananisomea daftari mezani, "mama, 6-4-3," na mimi naona kabisa mpira unavyozunguka na watu wawili wanatoka. Kabla ya hapo nilikuwa naona vijana wamesimama tu.

Na mimi nilipata kazi, siku ile ile ya aibu. Mama mmoja alikuwa anapita jukwaani anatafuta wa kushika saa, watu wote wakainamia simu zao. Nikanyanyua mkono. Kila njia ya bwawa inahitaji wapima saa, na wapima saa ni wazazi. Somo ni dakika tano: usisikilize mlio wa kuanzia, tazama taa yake, kwa kuwa mwanga unakuwahi. Bonyeza ukiiona, bonyeza tena mtoto akigusa ukuta. Lazima usimame ukingoni kabisa na uchungulie chini, kwa hiyo utalowa. Vaa ndara.

Lakini faida kubwa ni hii: mwenye kazi hutumiwa ratiba ya kweli. Kuanzia siku hiyo nilijua mbizi ni saa ngapi na bwawa gani, na nilikuwa na kiti hatua chache kutoka kwenye ubao. Nilifundishwa adabu zake pia. Mtoto akishapanda ubaoni watu hunyamaza kabisa. Mara ya kwanza mimi nilipiga vigelegele akiwa bado amesimama, akashuka akaanza upya, na refa akanitazama. Vigelegele ni baada ya maji.

Mashindano ya mwisho aliruka ile ya kinyumenyume aliyokuwa akiiogopa, ambayo Machi ilimpiga mgongo mpaka akalia. Alitupa kanga pembeni. Akatembea mpaka mwisho wa ubao, akageuka, akayapa maji mgongo, visigino vinaning'inia. Kimya. Saa ya njia ya nne ilikuwa bado mkononi mwangu, na sijui ni mazoea au ni hofu, kidole kilibonyeza alipoondoka na kikabonyeza tena alipoingia. Nilipomaliza kupiga vigelegele nikaitazama. Sekunde 1.31.