Kutoka MySQL 5.7 kwenda 8.4 bila kupoteza hesabu za dawa

Ndugu wa Kadutu, umeuliza kama unaweza kuipandisha MySQL, programu ya hifadhidata, ya duka lako la dawa kutoka toleo la 5.7 hadi 8.4 kwa mara moja. Hapana, lazima upitie 8.0 kwanza. Tena nakuomba, seva ya zamani usiiguse. Mafaili yakishapandishwa hadi 8.0 hayarudi tena 5.7, na umeme wa Bukavu unaujua. Mimi ulinikatikia katikati ya kazi kama hiyo, nikakesha nikirudisha mauzo ya miezi.

Toa nakala kwa mysqldump, zana ya MySQL ya kunakili data, ukiongeza --routines na --events, la sivyo taratibu ulizoandika zitabaki nyuma. Beba hifadhidata ya duka peke yake. Ile ya mfumo iitwayo mysql iache, watumiaji uwaunde upya. Nakala hiyo ifungue kwenye mashine nyingine yenye 8.0, kisha hesabu safu za kila jedwali pande zote mbili. Zikilingana, ndipo uende 8.4.

Kama una safuwima inayoitwa rank au groups, maswali ya SQL yanayoitaja hivyo yatagoma: tangu 8.0 hayo ni maneno yaliyotengwa kwa mfumo. Programu ya kaunta ikikataliwa nenosiri, sasisha kwanza kiunganishi chake, yaani kipande kinachoiunganisha na MySQL. Nakala nyingine iweke kwenye flashi, ikae nyumbani.