Folda imegoma? Soma kwanza inachokuambia

Juzi dada mmoja wa Sakina, Arusha, ameniandikia: "Dada, folda ya kushea inanikatalia. Nimezima fayawoli, nimezima raota nikawasha tena, wapi. Nimechoka." Nikacheka, halafu nikaumia, maana huyo ni mimi wa mwaka jana.

Kazi zangu nafanyia nyumbani, Majengo hapa Moshi: kadi za harusi, kalenda, na zaidi ya vyote ratiba za mazishi. Kompyuta ya mezani iko sebuleni na printa yake, na ndani kuna folda inaitwa KAZI. Mdogo wangu anadizaini chumbani, anasevu humo kupitia Wi-Fi, mimi naprinti. Tulikwenda hivyo miaka miwili. Tukanunua laptopu mpya yenye Windows 11, folda ikakataa.

Ikakataa Ijumaa usiku, mazishi Jumamosi Kibosho, nakala 300. Tukaanza kukimbizana na flashi, sebuleni, chumbani, sebuleni, na flashi ikatuponza: nikaprinti ratiba ya kabla ya masahihisho. Baba mdogo wa marehemu alipokuja kuchukua mzigo akavaa miwani, akafuata ukurasa wa pili kwa kidole, mstari kwa mstari, akauliza taratibu, "Mama, mbona mkwe wetu wa tatu hayupo?" Nakala 80 zilikuwa zimeshakunjwa na kupigwa pini. Nilizirudia kwa hela yangu.

Jumatatu nikaita fundi. Akazima fayawoli, yaani ule ukuta wa kompyuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni, akaishea folda kwa kila mtu, ikagoma. Akawasha SMB1, ile njia ya kizamani ya kushea mafaili, ikagoma. Akachukua hela yake na kuniambia mbele ya mteja, "Dada, netiweki yako ni ya kienyeji." Sijaisahau hiyo. Na tundu la SMB1 ndilo lililopitiwa na kirusi cha WannaCry, Mei 2017, kufunga mafaili ya watu dunia nzima! Nilipolisoma hilo nikaizima usiku uleule, fayawoli nikairudisha.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu Ijumaa: nikasoma maandishi ya kwenye kioo. Ukiona namba 0x80070035, laptopu haijafika kabisa kwenye ile kompyuta nyingine. Hapo angalia kama zote ziko Wi-Fi moja, isiwe ile ya wageni, na kama Windows imeambiwa huo ni mtandao wa umma. Ikidhani uko stendi au hotelini, inajificha. Ibadilishe iwe mtandao binafsi.

Ukiombwa jina na neno la siri, umeshafika mlangoni, ila hujatambuliwa. Mimi nilikuwa hapo. Nilikuwa naandika PIN ninayofungulia kompyuta kila asubuhi, na PIN ni ya mashine yenyewe tu, haipiti kwenye mtandao. Akaunti isiyo na neno la siri nayo hukataliwa. Nikafungua akaunti mpya kwenye kompyuta ya sebuleni, nikaipa neno la siri, kwenye laptopu nikaandika jina la kompyuta, slashi ya kinyumenyume, jina la akaunti. KAZI ikafunguka. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Kusevu je? Ikagoma. Kumbe ruhusa ziko mbili, ya kushea na ya usalama wa folda yenyewe, na ukiingia kwa mtandao iliyo kali ndiyo inayoshinda. Fundi wangu aligusa moja.

Wiki iliyofuata umeme ukakatika, uliporudi folda haipo. Raota ilikuwa imeipa kompyuta anwani nyingine, kutoka 192.168.1.5 hadi 192.168.1.9, na mimi nilikuwa naiita kwa ile ya zamani. Ingia kwenye raota, iwekee anwani isiyobadilika.

Wadada wenzangu tunaojiajiri sebuleni, tusimpe hela kila anayekuja na begi la bisibisi. Soma kosa. Hulielewi? Lisome tena, liandike kwenye karatasi, ulitafute kama lilivyo. Tunaogopa maandishi ya mistari miwili, na ratiba ya kurasa nane tunaipanga usiku mmoja!

Huyo dada wa Sakina nilimwomba apige picha ya kioo chake. Ametuma asubuhi hii: dirisha la jina na neno la siri, na ndani yake vitone vinne.