Ningekuwa wewe, CZ 75 nisingeiuza

Kaka, umeuliza kama uiuze CZ 75 yako, bastola yako ya kwanza, ili ununue Glock 19. Mimi ningekaa nayo. Yangu niliiuza miaka minane iliyopita, na hadi leo nikisimama mbele ya shabaha mkono wanitafutia ile ile. Ule uzito wa chuma, karibu kilo moja, ndio unaotuliza mtutu risasi ikitoka. Glock 19 ina fremu ya plastiki, ni nyepesi, na magazini yake ya kawaida yabeba risasi 15. Kwa mtu wa kutembea nayo kutwa katika joto hili la Mombasa, hapo yashinda wazi. Lakini wewe umesema walenga shabaha tu!

Kutu unayolalamikia ni hewa yetu ya chumvi. Ipanguse bastola kwa mafuta kila wiki, wala usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu.

Ukishikilia kuuza, mnunuzi awe na cheti chake cha silaha, na bodi ya leseni za silaha uione kabla bastola haijatoka mkononi mwako.